Divai ya Ubatizo Wangu Waliyoiita Sumu

"Kama si sumu, kunywa basi!"

Sauti hiyo ilikuwa ya mzee Népomuscène, msemaji wa ukoo wa mchumba wangu. Alikuwa amesimama katikati ya ua wetu hapa mtaani Bwiza, Bujumbura, amenyoosha glasi mbele, na wageni wote wanatazama.

Aliyekuwa anaambiwa anywe ni kaka yangu Prodige. Kaka wa baba mmoja, mama mmoja!

Na alijibu nini?

"Apana, mzee. Mi sinywaka."

Jamani!

Mimi naitwa Benite. Hiyo ilikuwa siku ya dote yangu, siku ya mahari. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nimefungwa liputa jipya la kitenge mpaka pumzi inapita kwa shida, uso umepakwa ukapakika, nachungulia kama mwizi. Niliona kila kitu, na sikuruhusiwa hata kukohoa.

Kwetu bibi harusi hatoki mpaka aitwe. Wazee wanataniana, wanabishana, wanakunywa, halafu ndipo wanasema tuleteeni mtoto tumwone. Ukijitokeza kabla ya hapo, wewe huna adabu na waliokulea hawana adabu.

Jambo la pili, watu wa Bujumbura mnalijua, ila wa mbali niwaeleze. Hapa anayekumiminia kinywaji ndiye anaonja kwanza. Warundi wanaita gusogongera. Iwe bia, iwe pombe ya ndizi, anapiga funda moja mbele ya macho yako ndipo anakupa. Maana yake, tazama, sijakuwekea kitu.

Asipoonja?

Hapo mmeshaelewa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hii habari imezunguka sana kwenye WhatsApp na kila mtu ameiongezea chumvi yake. Mimi ndiye mwenyewe. Nawapa kama ilivyokuwa.

Baba yetu, marehemu Adolphe, alitoka Uvira, huko Kivu ng'ambo ya mpaka, akiwa kijana akaja kuwa dereva wa Mbelgiji mmoja hapa mjini. Siku nilipobatizwa, yule bosi alileta zawadi ya chupa tatu za divai nyeupe kutoka Ufaransa. Akamwambia baba, hizi usinywe leo, zitunze mpaka huyu mtoto aolewe.

Mtu mwingine angecheka, angefungua hapo hapo na majirani. Baba yangu? Alilichukua lile neno kama amri ya kanisa!

Alichimba shimo ndani ya stoo, akalijengea matofali, akajaza mchanga, akazilaza chupa humo. Alizilaza kwa sababu bosi alimwambia kizibo cha divai kinataka kulowana muda wote. Ukiisimamisha chupa, kizibo kinakauka, kinasinyaa, hewa inaingia, na divai inakufa. Kiangazi kikifika, joto la Bujumbura mnalijua, baba alikuwa anamwagia mchanga maji ili shimo libaki na ubaridi. Sisi watoto tulikunywa maji ya uvuguvugu, divai ilikuwa inaoga!

Tuliichekea sana ile divai. Tuliipenda pia. Mama alifariki nikiwa mdogo, tukalelewa na shangazi yetu, Tantine Béatrice, na nyumbani kitu pekee cha kifahari kilikuwa kile kilicholala chini ya stoo.

Halafu kuna Prodige.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, ana mikono ya dhahabu. Na alikuwa mlevi. Sisemi mnywaji, nasema mlevi! Aliuza masufuria ya marehemu mama. Aliuza mlango wa banda la kuku, kuku wakalala nje. Asubuhi ungemkuta mbele ya baa za Bwiza kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kiko wapi.

Lakini zile chupa tatu hakuzigusa hata siku moja. Alikuwa anajua zilipo, stoo haina hata kufuli, na hakuzigusa.

Baba alipokuwa kitandani, anaondoka, alimshika Prodige mkono akamwapisha aache pombe. Prodige akaapa. Na aliacha kweli, watu wangu! Aliacha mpaka akawa kero. Hata dawa ya kikohozi alikuwa anasoma kwanza kwenye kiboksi kama ina pombe ndani. Alirudi kazini kwenye karakana ya mtaa wa Cibitoke, akaanza kununua sabuni na mchele kama mtu mzima, na kiangazi yeye ndiye aliyekuwa anamwagia ule mchanga maji.

Sasa mnaona kosa letu?

Tulifikiria viti. Tulifikiria hema, mishikaki ya brochette, wageni watafikaje na mafuta ya gari mjini hakuna. Tulikubaliana kwa furaha kwamba wageni watakaribishwa na divai ya baba, na atakayeimimina ni mtoto wa kiume wa nyumba, kama desturi inavyotaka. Tulijua Prodige hanywi. Tulijua anayemimina lazima aonje. Mambo hayo mawili hakuna aliyeyaweka pamoja hata kwa dakika moja. Hakuna! Tantine hakuyaona, mimi sikuyaona, na Prodige mwenyewe nadhani aliona haya kusema.

Basi siku ikafika. Wageni walitoka mtaa wa Mutakura, kwao mchumba wangu, wengi kwa miguu, na jasho lao na kreti zao za vinywaji. Hotuba zikaanza vizuri. Mzee Népomuscène ni mcheshi, anatania mpaka unashika mbavu.

Prodige akaleta chupa ya kwanza, imejaa vumbi la mchanga.

"Wazee wangu, hii divai baba yetu aliilaza hapa chini siku Benite anabatizwa. Haijaonaka jua. Leo njo siku yake."

Makofi! Vigelegele! Mimi nyuma ya pazia nalia, poda inachuruzika.

Akazibua. Kizibo kikakatika katikati, nusu ikabaki ndani. Akakivuta kipande kipande, akamimina.

Divai nyeupe... ilitoka na rangi ya chai.

Hata mimi, pale nilipokuwa, niliiona. Kahawia kabisa, imefifia, haina uhai. Harufu ikatembea meza kwa meza, kama matofaa yaliyooza kwenye kabati lililofungwa.

Jovithe, shangazi wa Arnaud, mchumba wangu, ndiye aliyeanza. Huyo mama hakunitaka tangu mwanzo.

"Divai nyeupe njo iko hivi? Ile rangi ni ya nini?"

"Ni ya zamani, mama," Prodige akasema.

"Ya zamani? Ama iko na kitu ndani?"

Kisha akamnong'oneza jirani yake, ila kwa sauti ya kusikika na watu wote.

"Wale watu ya Kivu... mutasikia karuho."

Karuho! Kama hujui, hiyo ni sumu ya polepole inayosemwa sana kule walikotoka wazazi wetu. Unakunywa leo, unakauka mwaka mzima, unakufa. Neno hilo likitamkwa kwenye sherehe, hakuna tena anayegusa glasi.

Mzee Népomuscène alijaribu kutuliza. "Tulieni. Mambo ni mepesi. Kijana, onja mbele, tuendelee."

Prodige akasimama na ile glasi. Aliitazama kwa muda.

"Mzee, mi sinywaka. Tantine ataonja pa nafasi yangu."

Watu wakaangua kicheko kibaya.

"We Prodige?! We haukunywaka? Tangu lini?"

"Mutakura yote inakujua, ndugu!"

Mzee akaacha kucheka. Akaichukua ile glasi, akamnyooshea kifuani.

"Mwenye amemimina njo anaonja. Kama si sumu, kunywa basi!"

"Apana, mzee. Mi sinywaka."

Ndipo hapo tulipoanzia.

Nilimchukia kaka yangu kwa moyo wote. Nisiwadanganye. Funda moja tu! Funda moja la kuniokoa, na amesimama pale kama mti!

Nikafanya nini? Nikafungua pazia nikatoka.

Ndiyo. Nilitoka bila kuitwa, bibi harusi mzima! Nikasikia Tantine anapiga kelele nyuma yangu, "Benite, rudi!" Nikaichukua ile glasi mkononi mwa mzee, nikainywa yote mpaka chini.

"Munaona? Si sumu! Ni divai tu!"

Nilitaka kutabasamu. Tumbo likakataa.

Tangu asubuhi sikuwa nimekula chochote. Liputa limenibana, hofu imenijaa, na ile divai ilikuwa chungu, kali, imeoza. Nilitapika pale pale, kwenye mkeka, mbele ya viatu vya mzee Népomuscène.

"Mana yanje! Mungu wangu, wamemuua hata mtoto wao!" mama mmoja akalia.

Viti vikaanguka. Akina mama wakabeba watoto. Mtu mmoja alikuwa ananichukua video, namsamehe kwa shida sana. Nilimwona Arnaud anainuka kuja kwangu, na shangazi yake amemshika koti kwa mikono miwili. Akabaki pale ananitazama, mdomo wazi.

Waliondoka wote. Na kreti zao walizibeba, wakarudi nazo Mutakura.

Nilibaki nimekaa chini na liputa langu lililochafuka. Nilikuwa mzima wa afya, na hakuna aliyekuwepo kuona kwamba sikufa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nikienda sokoni, wanaouza mboga wananiangalia kama mzimu. Video ilifika mpaka Uvira. Kuna aliyeandika kwamba nilikufa njiani kwenda hospitali, na watu wakaweka emoji za kulia. Mimi mwenyewe nilizisoma!

Arnaud alikuwa anapiga simu kwa kujificha.

"Benite, mi najua si sumu."

"Basi waambie!"

"Niliwaambia. Kwetu bila mzee hakuna kitu inapita. Mi nitafanya nini?"

Alikuwa analia. Mwanaume anayekupenda analia kwenye simu, na hana la kufanya, na wewe huna la kufanya. Mnabaki mnasikilizana mnavyopumua mpaka salio linaisha.

Nyumbani, Tantine Béatrice alimgeukia Prodige.

"We mwenyewe ulikunywa ile divai ya kaka yangu, ukajaza chai! Njo maana uliogopa kuonja!"

Prodige alichukua vyombo vyake vya kazi. Alienda kazini, akarudi, akalala. Mimi sikumsemesha.

Ndipo nikamkumbuka Musafiri, tuliyesoma naye, anayefanya kazi ya kuhudumia kwenye baa ya hoteli moja kule ziwani. Alikuja Jumapili mchana. Nikamwonyesha chupa mbili zilizobaki, nikampa kile kizibo kilichokatika. Akakinusa, akakivunja kwa vidole.

"Hii haikujazwa chai. Bouchon, hii kizibo, njo imekufa. Inaacha hewa inaingia polepole, miaka na miaka. Divai nyeupe haiwezaka kuvumilia hewa. Inageuka rangi, inanuka tofaa mbovu."

"Inaua mutu?"

"Haiue mutu. Iko mbaya tu."

"Lakini baba aliilaza! Alifanya yote waliyomwambia!"

"Alifanya vizuri. Lakini bouchon inatokaka ku gome ya muti, Benite. Zote ziko sura moja, moja inafunga, ingine inavuja. Na divai nyeupe nyingi hazitengenezwake kwa kungoja hivi. Zile zinaweza kungoja ni chache. Baba yako alicheza bahati nasibu bila kujua."

Tukafungua chupa ya pili, pale pale mezani. Prodige alipoona kizibuo aliinuka akatoka nje. Alienda kusimama karibu na choo, mbali, na hakurudi mpaka Musafiri alipoosha glasi. Nakumbuka niliona kama anajifanya.

Kizibo kilitoka kizima, kimelowa vizuri. Na divai...

Ilikuwa na rangi ya dhahabu! Ilinuka asali na karanga za kukaanga. Musafiri alionja, akafunga macho, akaonja tena. Tantine Béatrice alionja akaanza kumlilia kaka yake.

"Adolphe... Adolphe, ulikuwa na haki, haukukosea!"

Mimi nililia na kucheka pamoja. Chupa mbili zilizolala shimo moja, mchanga mmoja, miaka ile ile, moja imeoza na nyingine ni ya mbinguni.

"Na hii ya mwisho?" nikauliza.

Tuliimulika kwa tochi ya simu. Kioo ni cha kijani kizito, hatukuona kitu.

"Hii nani atajua?" Musafiri akasema. "Mpaka uifungue. Na ukifungua, njo basi, umefungua."

Mnaelewa nilipokuwa nimekwama? Wazee wa Mutakura hawatakubali chupa iliyokwisha funguliwa. Lazima waone kizibo kinatoka mbele yao. Siwezi kuijaribu, siwezi kuiacha, na hakuna nyingine.

Tantine alienda kwa mzee Népomuscène kwa miguu, akamkuta anapunga upepo mbele ya nyumba. Sijui walisemezana nini. Alirudi na jibu. Mtoto wenu hakufa, kweli tumesikia. Basi tutakuja wachache. Mutafungua ile ile divai mbele yetu. Ikiwa nzuri, na mwenye kuonja akionja, tutasahau. Ikiwa kama ile ya kwanza, musitutafute tena.

Safari hii tulijipanga, jamani! Tulimwita Tonton Marcellin, kaka wa marehemu mama, atoke Uvira avuke mpaka aje yeye kumimina na kuonja. Mtu wa kunywa, mtu wa heshima, koti lake halijakunjika. Prodige alipewa kazi ya kupokea wageni mlangoni tu. Tantine alimwomba msamaha juu ya ile chai. Mimi nilimpikia sombe, kisamvu cha kwetu, nikaona inatosha.

Wakaja. Nikarudishwa nyuma ya lile pazia. Safari hii Tantine alikaa na mimi, amenikamata kiuno.

"Ukitoka leo, nitakuvunja miguu."

Tonton Marcellin akasimama na chupa, akasema maneno yake matamu ya Kivu, akaingiza kizibuo.

Mimi nilifunga macho. Nikaomba. Sijawahi kuomba vile, hata baba alipokuwa anakufa. Mungu, iwe nzuri. Mungu, iwe nzuri. Usiniache, iwe nzuri.

Pop!

Nikafungua jicho moja. Kizibo kizima! Divai ikateremka kwenye glasi na rangi ile ile ya dhahabu. Wageni wakanyanyua shingo. Hata Jovithe alinyamaza.

Tonton akainua glasi aionje...

"Ngoja," mzee Népomuscène akasema.



"Marcellin, tunakuheshimu. Lakini we si mwenye alikataa. Watu yangu wanauliza ile siku kijana alikuwa anaficha nini. Yule kijana njo aonje. Hapo kila mutu atanyamaza."

"Mzee, yule aliacha pombe," Tonton akasema. "Aliapaka kwa baba yake."

"Funda moja tu. Ni desturi, si ulevi."

"Funda moja itamufanya nini?" wengine wakaitikia. "Mwanaume muzima!"

Wote wakageuka mlangoni.

Prodige alikuwa amesimama pale na shati lake jeupe. Nilimwona anameza mate. Alinyanyua macho akaangalia pazia moja kwa moja, pale nilipokuwa. Sijui kama aliniona. Nilitaka kupiga kelele, kaka usinywe! Nilitaka pia anywe. Vyote viwili vilikuwa kooni mwangu, na Tantine amenishika, na kama ningetoka mara ya pili bila kuitwa yote yangekwisha. Sikufanya chochote. Nilisimama.

Alitembea mpaka katikati. Akaichukua glasi.

Alipiga funda. Akalishika mdomoni muda mrefu, mashavu yamejaa, nikadhani anataka kulitema.

Akameza.

"Iko muzuri," akasema kwa sauti ndogo.

Vigelegele! Mzee Népomuscène akamkumbatia, akampiga mgongoni. "Si unaona? Ilikuwa kazi kubwa?" Wakanywa wote. Jovithe alirudia mara mbili, nawaambia! Nikaitwa. Nikatoka na heshima zangu zote. Arnaud alinivalisha mkufu, na tukacheza mpaka hema likayumba.

Nilipopita nikicheza nilimwona Prodige kwenye kona, ameshika ile chupa, anajimiminia kwenye glasi yake kilichobaki chini kabisa. Alikuwa anatabasamu. Nilidhani ni furaha yangu inamfurahisha.

Siku ya harusi alikuja amelewa. Aliimba kanisani wakati usio wake, wakamtoa nje.

Mwezi uliofuata aliuza mashine yake ya kuchomelea.

Nimeolewa, niko Mutakura, mume wangu ni mwema na mzee Népomuscène bado anawasimulia watu ile divai ya ajabu aliyokunywa Bwiza. Kila sikukuu anaisimulia. Na mimi nakaa pale natabasamu, maana yeye ni mkwe wangu na hakuna anayemuuliza juu ya Prodige.

Tumempeleka kwa wachungaji. Tumempeleka hospitali. Arnaud alimtafutia kazi mara mbili. Anakaa siku chache safi, halafu anapotea.

Wiki iliyopita nilimkuta Cibitoke, mbele ya karakana ambayo siku hizi hawamruhusu kuingia. Ilikuwa mchana, na bado hakuwa amelewa sana. Nikakaa naye kwenye jiwe. Nikamuuliza nilichokuwa naogopa kuuliza muda wote huo.

"Kaka, ile siku ulitaka kuitema. Niliona. Juu ya nini haukuitema?"

Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono.

"Nilijua nitaweka mu mulomo, mzee aone, halafu niteme. Nilikuwa naomba iwe mbovu, Benite. Unisamehe. Njiani yote toka mulangoni, niliomba iwe mbovu kama ile ya kwanza. Mbovu ningeitema."

Akatazama mlango wa karakana.

"Lakini ilikuwa tamu sana."

Nimeandika haya nikilia, na sitaki mniambie pole. Nataka mfanye kitu kimoja. Mtu akikwambia mi sinywi, mwache. Usimuulize tangu lini. Usimwambie funda moja, usimletee desturi, usimletee heshima ya ukoo. Na kama kwenu kuna sherehe inakuja na ndugu mmoja ameacha pombe, kaeni chini mapema mjiulize nani atashika glasi. Sisi hatukujiuliza.